Ripoti ya Maabara Ikifika Kortini: Mwongozo Kamili wa Kuipima Kabla ya Kuiamini

Kaa asubuhi moja kwenye mabenchi ya nje ya mahakama ya Mombasa, au kule Shanzu, usikilize jamaa za washtakiwa wakizungumza. Shahidi aliye jirani yao watamchambua saa nzima: ana chuki, ana deni, siku ile hakuwepo. Kisha mmoja atasema, "Lakini ripoti ya Mkemia imetoka." Hapo kila mtu hunyamaza. Mama hukaza leso yake, mjomba huangalia chini. Ripoti imetoka, basi mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na ripoti ya maabara nayo imeundwa: kuna aliyeokota, aliyefunga, aliyebeba, aliyepima na aliyeandika. Kwa miaka niliyojitolea kuwa msaidizi wa kisheria hapa Mombasa, nimejifunza kutoanza na mashine. Makosa mengi hutokea njiani kabla sampuli haijafika kwenye mashine, au mwishoni, pale mtu anapoyageuza matokeo kuwa maneno ya kortini.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Kuna mshtakiwa na jamaa zake, hasa wasio na wakili. Kuna pia mlalamishi na jamaa zake, kwa sababu kielelezo kikiharibiwa, yeye ndiye wa kwanza kudhulumiwa. Ukiweza kupata wakili, mpate. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya msaada huo, na Katiba, ibara ya 50(2)(h), inasema serikali impe mshtakiwa wakili iwapo bila wakili dhuluma kubwa inaweza kutokea. Liombe mapema, tena kwa kinywa chako mbele ya hakimu, ili liandikwe.

Hatua ya kwanza: omba karatasi zote, si ripoti peke yake

Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, na kuufikia. Wengi hupewa hati ya mashtaka na taarifa mbili tatu za mashahidi, wakadhani ndiyo yote. Siku kesi inapotajwa, simama useme:

"Mheshimiwa, bado sijapewa ripoti ya maabara wala fomu iliyotumwa pamoja na sampuli. Naomba korti iamuru nipewe kabla ya kesi kusikizwa."

Fomu hiyo ndiyo watu wengi huisahau. Polisi wanapopeleka kielelezo kwa Mkemia wa Serikali, au kwa maabara ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, huandika karatasi inayoeleza wanapeleka nini, kimepewa alama gani na wanataka kipimwe nini. Ukiiweka kando ya ripoti utaona mengi. Fomu inasema kaptura ya buluu, alama B. Ripoti inasema suruali nyeusi, alama B. Hapo maabara imefanya kazi yake vizuri kabisa, ila huenda imepima nguo ya mtu mwingine.

Pamoja na hiyo, omba P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, na, kwa kesi za dhuluma za kingono, fomu ya PRC iliyojazwa hospitalini. Omba picha za mahali pa tukio, orodha ya vitu vilivyochukuliwa wakati wa upekuzi, na nakala ya maandishi ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, siku ile tukio liliporipotiwa. Ripoti ya upasuaji wa maiti omba nzima. Ukurasa wa mwisho wenye sababu ya kifo hautoshi.

Ukiambiwa "faili bado iko kwa afisa mchunguzi", mwambie hakimu hivyo hivyo. Likishaandikwa kwenye kumbukumbu za korti litakufaa hata kwenye rufaa.

Hatua ya pili: chora safari ya kielelezo

Mawakili huiita mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Mimi huwaambia watu wachore safari, kama vile ungeuliza mzigo uliotoka bandarini umepitia ghala gani kabla ya kukufikia umefunguliwa. Chukua daftari, piga mistari upate safu tano: tarehe na saa, nani alikuwa nacho, kilikaa wapi, kilifungwa vipi, kuna sahihi au hakuna. Kisha jaza kwa karatasi ulizopata, mstari mmoja kwa kila mkono uliokishika.

Mfano wa kubuni. Shati lenye damu linaokotwa Likoni Jumamosi usiku. Jumatatu linaandikwa kituoni. Wiki mbili baadaye linafika maabara. Je, kati ya Jumamosi na Jumatatu lilikuwa wapi? Kwenye gari? Ndani ya droo ya mtu, pamoja na nguo za mshtakiwa alizovuliwa siku ile ile? Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu nguo mbili zikikaa mfuko mmoja huambukizana, na maabara itakuta damu ya marehemu kwenye nguo ya mshtakiwa bila mtu yeyote kusema uongo.

Tena hapa ni Mombasa. Joto na unyevu wa pwani ni adui wa damu, mate na manii. Nguo mbichi ikifungwa kwenye nailoni hutoa jasho, ikaota ukungu, na wadudu wasioonekana kwa macho wakazila chembe za DNA. Inatakiwa ianikwe kivulini ikauke, kila kipande peke yake, kisha itiwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, ifungwe na kuwekwa muhuri na sahihi. Niliwahi kuonyeshwa kielelezo kortini ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, fundo la kawaida kama la mfuko wa mahamri. Hapakuwa na tarehe wala jina. Na sampuli za DNA mara nyingi husafiri hadi Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480; uliza zilisafirije, na nani alizipokea kule.

Ukidhani haya ni madogo, sikiliza kisa cha Ujerumani. Kwa miaka kadhaa polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walimsaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilionekana kwenye karibu matukio 40, yakiwemo mauaji ya askari mjini Heilbronn mwaka 2007. Wizi wa ovyo, mauaji, kila mahali yeye. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba DNA ile ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Mhalifu hakuwepo. Mashine zilisoma sawasawa kila mara. Zilisoma pamba iliyochafuliwa.

Kesi za dawa za kulevya zina sheria yake. Kifungu cha 74A cha sheria ya dawa za kulevya ya 1994 kinataka mzigo wote upimwe uzito, na sampuli zichukuliwe, pale inapowezekana mbele ya mtu atakayeshtakiwa, wakili wake kama yupo, na mchambuzi aliyeteuliwa. Kwa hiyo uliza: siku ya kupima nilikuwepo? Nilitia sahihi? Uzito ulioandikwa ni wa unga, au ni wa unga pamoja na karatasi na vifuko? Uzito ukibadilika, kesi nayo hubadilika. Sampuli ina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani, maana mzigo wenyewe waweza usiwepo tena: Agosti 2014 meli ya Al Noor ililipuliwa baharini pamoja na mamia ya kilo za heroini huku kesi yake ikiwa bado iko mahakama ya Mombasa. Kinachobaki hapo ni sampuli na karatasi.

Hatua ya tatu: jua ni sayansi ya aina gani

Neno "maabara" hufunika vitu vingi visivyolingana nguvu. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyowashtua wengi: ukiacha uchunguzi wa DNA ya kiini cha seli, hakuna njia nyingine iliyokuwa imethibitishwa kwa ukali wa kisayansi kwamba inaweza, kila mara na kwa uhakika mkubwa, kuunganisha kielelezo na mtu mmoja tu. Haina maana njia nyingine ni uongo. Maana yake ni kwamba mtaalamu anayesema "nina hakika asilimia mia" anazungumza zaidi ya sayansi yake.

DNA ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na sipendi watu wanaoidharau. Kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, mingi haitambuliki kwa sura wala nguo. Ilipofika Machi 2024 jamaa wa kwanza wakakabidhiwa wapendwa wao, walikuwa wametambuliwa kwa DNA peke yake, baada ya kungoja karibu mwaka mzima.

Lakini DNA hujibu swali moja: ni ya nani. Haisemi ilifika lini, wala kwa njia gani. Huko California mwaka 2012 mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu DNA yake ilipatikana kwenye kucha za marehemu. Usiku ule alikuwa amelazwa hospitalini, amelewa hajitambui. Wahudumu wa ambulensi waliomchukua yeye ndio hao hao waliokwenda baadaye kwenye mauaji, wakaisafirisha DNA yake bila kujua. Alikaa rumande miezi kabla jambo hilo halijabainika. Kwa hiyo kama mshtakiwa na marehemu waliishi nyumba moja kule Kisauni, walilala kitanda kimoja au walipanda matatu moja kila siku, kupatikana kwa DNA kunasema machache sana.

Alama za vidole ni za kuaminika, lakini hazitoki mbinguni. Mabomu yalipolipuka kwenye treni za Madrid mwezi Machi 2004, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilimkamata wakili wa Oregon, Brandon Mayfield, ikisema alama yake imeonekana kwenye mfuko wa vilipuzi. Wataalamu kadhaa walikubaliana. Polisi wa Hispania hawakukubali, wakampata mwenye alama hiyo: raia wa Aljeria. FBI ikaomba radhi. Kisha mtafiti Itiel Dror akafanya jaribio ambalo mimi hulisimulia kila ninapoweza. Aliwapa wataalamu 5 jozi za alama ambazo wao wenyewe miaka ya nyuma walisema zinalingana, ila akawaambia hizi ndizo za kosa la Mayfield. Watatu wakasema hazilingani, mmoja akasema hawezi kuamua, na mmoja tu akashikilia neno lake. Alama hazikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni hadithi waliyopewa kabla ya kuangalia. Ndiyo sababu fomu ile ya polisi ina maana: ikiwa imeandika "mshukiwa amekiri" au "huyu ni sugu", mtaalamu alishaambiwa jibu kabla ya swali.

Ushahidi wa daktari ndio mwingi zaidi katika korti zetu, na ndio unaosomwa vibaya zaidi. Katika kesi za unajisi P3 huandikwa "kizinda kimechanika", na kijiji chote kinaona kesi imekwisha. Mahakama ya Rufani mwaka 2012 iliwakosoa waliolipa jambo hilo uzito mkubwa, kwa kuwa kizinda kinaweza kuchanika kwa sababu nyingine na wengine huzaliwa bila hicho. Upande wa pili nao ni kweli: mtoto anaweza kuwa amedhulumiwa na daktari asione jeraha lolote, hasa siku zikishapita. Mahakama hiyo hiyo, ikikaa hapa Mombasa mwaka 2006, ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuui kesi. Kitendo kinaweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa au kwa mazingira. Na mwaka 2012, ikikaa hapa hapa, ikasema unajisi hauthibitishwi kwa kipimo cha DNA bali kwa ushahidi. Kwa hiyo jamaa wa mshtakiwa wanaokuja mbio na karatasi ya "mtoto si wake" wajue haiwafungulii mlango moja kwa moja. Mimba ni jambo moja, kitendo ni jambo jingine.

Umri nao. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inapanga adhabu kwa umri wa mtoto: miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, 16 hadi 18 si chini ya miaka 15. Ikiwa hakuna cheti cha kuzaliwa, daktari wa meno hukadiria. Makadirio ya meno yanaweza kukosea kwa mwaka mmoja au miwili juu au chini, na mwaka mmoja hapo ni tofauti ya miaka mingi kwenye gereza la Shimo la Tewa. Karatasi ikisema "takriban miaka 15", lishike hilo neno takriban. Tafuta cheti, kadi ya kliniki, rekodi za shule, kadi ya ubatizo, au mama mzazi aje aseme mwenyewe.

Saa ya kifo ni eneo ninalolitilia shaka zaidi hapa pwani. Ile kanuni ya kwamba mwili hupoa karibu digrii moja kila saa ilitoka kwenye nchi za baridi. Wakati wa kaskazi, chumba cha mabati Changamwe kinaweza kuwa na joto linalokaribia la mwili wenyewe. Mwili unapoa kwenda wapi? Huku kuoza nako huenda mbio. Uliza mwili ulipatikana ndani au nje, saa ngapi uliingizwa kwenye friji ya mochari, na daktari aliuona kabla au baada ya hapo. Daktari mwaminifu atakupa muda mpana, si saa kamili.

Risasi na maganda, mwandiko na sahihi: yote ni kulinganisha kwa jicho la mtu. Uliza alilinganisha vielelezo vingapi, na kama mwenzake alikagua kazi yake. Simu: mnara unaonyesha eneo ambalo simu ilikuwa, hauonyeshi nyumba, wala hausemi nani aliishika. Video na picha za kamera lazima ziambatane na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Mara nyingi hakipo, na wakili makini huanzia hapo.

Hatua ya nne: soma ripoti kwa kalamu mkononi

Piga mstari chini ya kila neno la hitimisho. "Ni yake", "inalingana na", "haiwezi kumwondoa" na "inaafikiana na" si kitu kimoja. Jeraha "linaloafikiana na kisu" linaweza pia kuafikiana na chupa au bati. "Hakuna manii yaliyoonekana" haina maana hakuna kilichotokea. Ikiwa ripoti inakupa jibu tu bila kueleza lilipatikanaje, andika pembeni: vipi?

Zikija namba, fanya hesabu ya Mombasa. Tuseme ripoti inasema DNA ya namna hii, ambayo haikupatikana nzima, hupatikana kwa mtu 1 kati ya 100,000. Mwendesha mashtaka atasema: basi uwezekano wa kwamba si yeye ni 1 kati ya 100,000. Sivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti ya Mombasa. Ukigawa, unapata watu kama 12 humu kisiwani na kingo zake ambao wote wangelingana, na mshtakiwa ni mmoja wao. Ikiwa kuna ushahidi mwingine unaomtenga na wale 11, sawa. Ikiwa hakuna, namba hiyo peke yake haimfungi. DNA iliyo kamili hutoa namba kubwa mno kuliko hizo, na hapo hoja hii haina nguvu. Rudi kwenye hatua ya pili. Halafu kuna ndugu. Hesabu hizo hukadiria watu wasio na uhusiano. Kama mshukiwa ana kaka wanne nyumba moja, muulize mtaalamu amewafikiria.

Mwisho angalia tarehe na sahihi. Aliyetia sahihi ndiye aliyepima? Kule Massachusetts, Marekani, mkemia mmoja wa maabara ya serikali alikuwa akiandika matokeo ya dawa ambazo hakuzipima. Alipogundulika, kesi zaidi ya 21,000 zikafutwa mwaka 2017. Kwa miaka yote ile karatasi zake zilikuwa safi, muhuri mahali pake.

Hatua ya tano: mtaalamu aje, aulizwe

Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti ya mkemia wa serikali, daktari au mtaalamu wa silaha kupokewa kortini bila mwenyewe kuja, na korti inaweza kuichukulia sahihi yake kuwa ya kweli. Lakini kifungu hicho hicho kinaipa korti uwezo wa kumwita ahojiwe. Usipoomba, hataitwa. Kiongozi wa mashtaka atasema ripoti itatolewa na afisa mchunguzi, au P3 itatolewa na daktari mwingine kwa sababu aliyeijaza amehamishwa. Ukiulizwa kama una pingamizi, usiseme "sina" kwa adabu. Sema:

"Mheshimiwa, naomba aliyepima aitwe. Nina maswali kuhusu alivyopima, na huyu hawezi kuyajibu."

Akija, usimtukane, usimwambie amehongwa. Maswali mafupi, moja moja, na usiulize kitu ambacho hujui kitakusaidia vipi. Haya yamefaa mara nyingi:

"Daktari, kielelezo kilipokufikia kilikuwa kimefungwa na muhuri? Uliandika hivyo wapi?"

"Nani alikuletea? Ametia sahihi?"

"Kabla ya kupima, polisi walikuambia nini kuhusu mshtakiwa?"

"Ulipima mara ngapi? Kuna mwenzako aliyekagua?"

"Sampuli iliyobaki iko wapi leo?"

"Matokeo haya yanaweza kuelezwa kwa njia nyingine isiyo ile ya upande wa mashtaka?"

Hilo la mwisho uliza kwa sauti ya upole, kisha nyamaza. Mtaalamu wa kweli akiulizwa kwa heshima hukubali mipaka ya kazi yake, na jibu lake likiandikwa na hakimu lina thamani kuliko hotuba yako ya nusu saa. Ukitaka kuiunga mkono kisheria, kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa [1982] KLR 203: mtaalamu anatakiwa aieleze korti misingi ya kisayansi ili korti yenyewe iweze kupima usahihi wa hitimisho lake. Maamuzi mengi ya aina hii husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Hata simu ya kawaida yenye bando inatosha, na karani wa saiba atakuchapishia.

Kumbuka pia namna sampuli ilivyochukuliwa kwenye mwili wa mshtakiwa. Kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinataka amri ya maandishi ya afisa wa cheo cha inspekta au zaidi, na kosa liwe kubwa. Uliza amri hiyo iko wapi. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki korti inatakiwa kuukataa chini ya ibara ya 50(4), ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi.

Hatua ya sita: mtaalamu wako mwenyewe

Ni ghali, na sitakudanganya kwamba kila jamaa anaweza. Palipo na faida kubwa zaidi ni kwenye upasuaji wa maiti, kwa sababu mwili ukishazikwa huwezi kurudi nyuma kirahisi. Jamaa wa marehemu wanaweza kuomba daktari wao awepo, na hasa aliyefia mikononi mwa polisi msikubali afanyiwe bila shahidi wenu. Najua dini yetu inahimiza kuzika haraka. Imamu yeyote mwenye busara ataelewa saa chache za kungoja daktari.

Kwa mambo ya maabara, omba sampuli iliyobaki ihifadhiwe. Ombi hilo halina gharama, na linaweza kufanywa siku ya kwanza.

Kwa mlalamishi: yafanye kabla ya hasira

Hapa naandika kwa haraka kwa sababu nawe utahitaji haraka. Hospitali kwanza, polisi baadaye au pamoja. Usingoje P3 ndipo ukatibiwe. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ushahidi unapungua. Hospitali ya Coast General ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kingono. Usioge, usijisafishe, usibadili nguo kama unaweza. Ukishabadili, tia kila nguo kwenye mfuko wake wa karatasi, gazeti hata, kamwe usitumie nailoni. Najua kwetu la kwanza ambalo bibi atamwambia mtoto ni "nenda kaoge, mwanangu", kwa huruma tu. Mzuie kwa upole.

Andika jina la nesi, daktari na askari, na namba ya OB. Piga picha kila karatasi kabla ya kuitoa mkononi mwako. Mikutano ya wazee na fidia ya nyumbani huendelea wiki nzima huku nguo zikifuliwa, na wengi walionijia walikuja baada ya mikutano hiyo, mikono mitupu.

Ikiwa hukumu imeshatoka

Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 14. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini eleza sababu. Mahakama Kuu hupitia ushahidi wote upya, kwa hiyo daftari lako la safari ya kielelezo litumike tena hapo: taja ukurasa wa kumbukumbu ambapo shahidi alikiri mfuko haukuwa na muhuri. Rufaa zikikwisha zote, ibara ya 50(6) inaruhusu ombi la kesi mpya ikiwa kuna ushahidi mpya na wenye nguvu. Kipimo cha DNA kwenye sampuli ambayo haikupimwa zamani kinaweza kuwa ushahidi huo, mradi sampuli ipo. Andika barua leo kwa msajili wa mahakama na kwa ofisi ya mashtaka ukiomba kielelezo kisiharibiwe, weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uipeleke wewe mwenyewe kwa mkono.